Shahada 55,000, cheti 30,000: uchambuzi wa kisa cha mishahara ya wauguzi Malindi

Kisa hiki ni cha hospitali moja ya binafsi mjini Malindi, yenye leba (wodi ya kujifungulia), chumba kimoja cha upasuaji na wodi mbili. Jina lake, mtaa wake na majina ya watu yameondolewa. Tarakimu za mishahara, ambazo zote ni shilingi za Kenya kwa mwezi, zimezungushwa na kusogezwa kidogo ili wahusika wasijulikane, lakini uwiano wa ngazi kwa ngazi umeachwa ulivyo. Kodi na makato ya lazima yamepigwa kwa viwango vya mwaka 2025.

Kimeandikwa kwa ajili ya wamiliki wa vituo, mametroni (wakuu wa wauguzi) na wauguzi wenyewe. Pande zote mbili ziliingia katika mgogoro huu na hesabu yenye kasoro ileile: zililinganisha vyeti na jumla ya mwezi, zikaacha saa, kazi inayofanywa na masharti ya ajira.

Usuli

Nchini Kenya muuguzi husajiliwa na Baraza la Wauguzi kulingana na mafunzo yake. Yupo wa cheti, ambaye wengi humwita KECHN. Yupo wa diploma, KRCHN. Yupo wa shahada, aliyesoma chuo kikuu miaka minne kisha akamaliza mwaka wa mafunzo ya kazini. Juu ya hapo kuna diploma ya juu ya fani maalumu kama upasuaji au wagonjwa mahututi. Msaidizi wa muuguzi hayumo katika orodha hii. Hana leseni ya Baraza, na kwa hiyo hana ruhusa ya kutoa dawa wala kuweka kanula, hata kama amezeeka wodini.

Serikalini ngazi hizi zina milango yake. Muuguzi wa cheti huingilia kundi la kazi G, wa diploma H, wa shahada K. Jambo ambalo vijana wengi hawaambiwi ni kwamba wa diploma hupanda kutoka H hadi J hadi K kwa muda wa kazi na tathmini njema, kaunti ikifuata utaratibu. Akishafika K amekutana na mwenye shahada aliyeingia jana. Faida ya shahada ipo mwanzoni na kileleni. Katikati hupungua sana. Na kupata shahada ukiwa kazini hakubadilishi mshahara peke yake: lazima nafasi iwepo, bajeti iwepo, na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti ikubali kumbadilishia muuguzi cheo. Wapo waliorudi na shahada wakakaa miaka wakilipwa kwa diploma.

Hospitali za binafsi hazina makundi. Kila mtu hupatana mlangoni. Hospitali ya kisa hiki ilikuwa na wauguzi 12 na wasaidizi 4. Muuguzi wa shahada alikuwa mmoja, msimamizi wa wodi, akilipwa 55,000. Mmoja mwingine alikuwa na diploma pamoja na diploma ya juu ya upasuaji, 42,000. Wa diploma walikuwa 7, kila mmoja 36,000. Wa cheti walikuwa 3, kila mmoja 30,000. Wasaidizi walipata 18,000. Mishahara yote ilikuwa ya jumla, bila marupurupu yoyote juu yake: zamu ya usiku na zamu ya mchana zililipwa sawa.

Barua za ajira zilikuwa fupi mno. Za wafanyakazi wa zamani zilisema tu "mshahara 30,000 kwa mwezi", bila kutaja kama nyumba imo ndani. Jambo hili litarudi.

Yaliyotokea

Msimamizi mwenye shahada aliajiriwa mwanzoni mwa mwaka, msimu wa kaskazi, hoteli zikiwa zimejaa na wodi zikiwa na wageni wenye bima. Alikuwa kijana mwenye bidii, na hakuna aliyemlaumu kwa elimu yake. Ila hakuwa amekaa leba kwa muda mrefu. Katika leba alikuwepo muuguzi wa cheti mwenye miaka 17 katika hospitali hiyohiyo, ambaye madaktari wenyewe humpigia simu usiku kuuliza hali ya mama. Wiki za kwanza huyo mama ndiye aliyemwonyesha msimamizi wake jinsi hospitali ile inavyojaza patografu (chati ya kufuatilia uchungu wa mama), lini ya kuita daktari na lini ya kusubiri. Alimwita mwanangu, naye akamwita mama. Hapakuwa na ugomvi kati yao.

Ugomvi ulianza pale karatasi ya mshahara ya msimamizi ilipoachwa kwenye mashine ya kuchapisha, ikapigwa picha. Siku mbili baadaye wauguzi 9 walitia saini barua kwa mkurugenzi. Madai yalikuwa mawili: tofauti ya 25,000 kati ya cheti na shahada ielezwe, na zamu za usiku zilipwe. Katika kikao kilichofuata muuguzi wa leba alisema maneno yaliyoandikwa katika kumbukumbu: "Sitaki mshahara wake. Nataka wangu uhesabiwe."

Mwezi huohuo nafasi za wauguzi zilitangazwa upande wa Lamu. Watatu wa diploma waliomba na kupata, wakatoa notisi ya siku 28 kama sheria inavyotaka kwa anayelipwa kwa mwezi. Wawili walipata ajira ya kudumu, mmoja mkataba wa miaka mitatu. Wodi ikabaki na wauguzi 8 wa zamu, na msimamizi ambaye hakuwa kwenye zamu.

Uamuzi wa kwanza, na sababu yake

Mkurugenzi aliongeza 3,000 kwa kila muuguzi aliye chini ya shahada. Kwa watu 8 hiyo ni 24,000, na ukijumlisha mchango wa mwajiri, yaani asilimia 6 ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na 1.5 ya ada ya nyumba, hospitali ilibeba 25,800. Sababu zake zilieleweka: ilikuwa haraka, mhasibu angeweza kuiingiza mwezi uleule, na hakuna ambaye angesema amebaguliwa.

Haikumzuia mtu. Waliokuwa wameshapata Lamu waliondoka, na waliobaki wakaona wamelipwa ili wanyamaze. Nyongeza ya sawa kwa wote haikujibu hata moja ya madai mawili ya barua. Pengo la cheti na shahada lilitoka 25,000 likawa 22,000, na usiku ukabaki bure.

Pengo la zamu likajazwa kwa lokamu, yaani wauguzi wa muda wanaolipwa kwa zamu, 2,000 kwa zamu. Katika mwezi mbaya zaidi zilinunuliwa zamu 46, yaani 92,000. Wasaidizi nao wakaanza kusukumiwa kazi zisizo zao. Usiku mmoja metroni aliyepita kwa ghafla alimkuta msaidizi akidunga dawa ya mshipa. Mgonjwa hakudhurika, lakini metroni alisimamisha jambo hilo papo hapo, na kesho yake akamwambia mkurugenzi kwamba hospitali inaweka leseni yake rehani ili kuokoa 21,000, ambayo ndiyo tofauti ya msaidizi na muuguzi wa diploma baada ya nyongeza. Kwa maoni yetu hapo ndipo kisa kilipogeuka. Lilikuwa limekuwa suala la usalama wa wagonjwa.

Kuhesabu upya

Iliundwa kamati ya watu wanne: metroni, mhasibu, mwakilishi wa wauguzi wa diploma na mwakilishi wa wa cheti. Walipewa wiki sita. Walianza kwa saa, na hilo ndilo lililowafungua macho.

Zamu iliandikwa saa 12. Lakini kukabidhiana zamu kulichukua nusu saa ambayo haikuwa kwenye ratiba, kwa hiyo zamu halisi ilikuwa saa 12.5. Wa cheti walikuwa wakifanya wastani wa zamu 18 kwa mwezi, kwa sababu ndio waliokubali upesi wakiombwa. Wa diploma 17. Msimamizi alifanya siku 22 za saa 8.

Sasa gawanya mishahara ya kabla ya nyongeza. Muuguzi wa cheti: 30,000 kwa saa 225, yaani shilingi 133 kwa saa. Wa diploma: 36,000 kwa saa 212.5, yaani 169. Wa shahada: 55,000 kwa saa 176, yaani 312. Kwa mwezi shahada ililipwa mara 1.8 ya cheti. Kwa saa ililipwa mara 2.3. Lokamu, ambaye alidhaniwa ndiye ghali, alikuwa akipata 160 kwa saa, chini ya muuguzi wa diploma. Kilichomfanya aonekane ghali ni kwamba fedha zake zilitoka mara moja, taslimu, na zilionekana.

Zamu 18 za saa 12.5 hufika saa 52 kwa wiki. Hapo ndipo amri ya jumla ya mishahara inapoweka ukomo wa kazi ya kawaida, na 60 kwa wa usiku. Zamu moja zaidi mchana na saa za ziada zinaanza kudaiwa, mara moja na nusu siku ya kazi na mara mbili siku ya mapumziko au sikukuu. Hospitali ilikuwa imesimama ukingoni bila kujua.

Kisha wakapiga hesabu ya mkononi. Kwa 30,000, toa NSSF 1,800, SHIF (bima ya afya ya jamii) ya asilimia 2.75 ambayo ni 825, na ada ya nyumba 450. Vyote hivyo huondolewa kabla ya kodi. Kinachotozwa kodi ni 26,925: shilingi 24,000 za kwanza kwa asilimia 10, zilizobaki kwa 25, kisha toa nafuu ya 2,400. Kodi ni 731. Mkononi inabaki 26,194. Kwa 55,000, makato matatu ni 3,300, 1,512 na 825, kodi ni 7,192, na mkononi inabaki karibu 42,170. Pengo la 25,000 lililoonekana kwenye picha lilikuwa pengo la 16,000 mfukoni. Hili halikuondoa dhuluma ya saa, lakini lilipunguza joto kikaoni. Watu walikuwa wakilinganisha mishahara ya jumla kana kwamba ndiyo ya mkononi, kosa ambalo hutokea kila siku.

Mlinganisho wa tatu ulikuwa na kaunti. Mmoja wa walioondoka alikubali kuonyesha karatasi yake. Msingi ulikuwa 27,000, chini ya ule wa Malindi. Marupurupu yote pamoja, nyumba, usafiri, hatari ya kazi, huduma ya uuguzi na mazingira magumu, yalikuwa 35,000. Jumla 62,000. Marupurupu kuzidi msingi si ajabu kwa wauguzi wa kaunti: sehemu kubwa imetokana na makubaliano ya chama chao, KNUN, na serikali baada ya migomo, ukiwemo ule wa 2017 ulioanza Juni ukadumu miezi mitano. Wauguzi wa binafsi hawakuwa ndani ya makubaliano hayo.

Kwa wiki ya saa 40, kama saa 173 kwa mwezi, 62,000 ni shilingi 358 kwa saa. Diploma ya kaunti ilikuwa ikilipa zaidi ya shahada ya Malindi. Kamati ilikuwa imetumia wiki tatu kulinganisha ngazi ndani ya jengo moja, ilhali pengo kubwa zaidi lilikuwa kati ya waajiri wawili kwa ngazi ileile.

Lakini karatasi ile ilihitaji kusomwa mpaka chini. Pensheni hupigwa juu ya msingi, si juu ya jumla. Mfanyakazi wa kudumu hukatwa asilimia 12 ya msingi, hapo 3,240, na kaunti humwekea 15, ambayo ni 4,050. Mwenye mkataba hana pensheni hiyo. Ana kiinua mgongo cha asilimia 31 ya msingi mwisho wa mkataba, yaani 8,370 kwa miezi 36, jumla 301,320 kabla ya kodi. Wote wawili wana 62,000 kwenye karatasi, na wanalipwa tofauti. Tena, katika zahanati ya kisiwani yenye muuguzi mmoja, saa 40 ni za kwenye ratiba tu. Mama akipata uchungu saa nane za usiku, mlango unaogongwa ni wa muuguzi yuleyule. Ongeza nauli ya boti kila anapokwenda Amu (mji wa Lamu) kwa benki au kwa vikao, na miezi ambayo mshahara wa kaunti huchelewa kwa sababu fedha za hazina hazijafika.

Uamuzi wa pili

Kamati ilipendekeza kutenganisha mambo mawili yaliyokuwa yamefungwa pamoja: mshahara wa msingi ufuate leseni, na marupurupu yafuate kazi. Msingi ukabaki pale nyongeza ya kwanza ilipoufikisha, cheti 33,000 na diploma 39,000. Juu yake:

– usiku, 500 kwa zamu;
– kiongozi wa zamu, 300 kwa zamu;
– kusubiri simu ya chumba cha upasuaji, 400 kwa usiku;
– fani maalumu yenye diploma ya juu, 6,000 kwa mwezi;
– malezi ya wauguzi wapya leba, 3,000 kwa mwezi kwa aliyeteuliwa;
– miaka ya utumishi, 500 kwa kila mwaka, mwisho miaka 10.

Zamu zikarudishwa 16 kwa mwezi, na nusu saa ya makabidhiano ikaandikwa kwenye ratiba kama kazi. Hiyo ni saa 200.

Marupurupu ya kiongozi wa zamu ndiyo yaliyoleta mjadala mgumu kuliko yote. Kila mtu alijua kwamba usiku leba huongozwa na yule mama wa cheti. Kumlipa kwa hilo kungekuwa haki. Lakini muuguzi wa cheti hufanya kazi chini ya usimamizi wa muuguzi aliyesajiliwa, na kumwandika kiongozi kungekuwa kukiri kwa maandishi kwamba hospitali haina usimamizi huo usiku. Likitokea jambo, yeye ndiye angebeba lawama kwanza. Kamati iliamua kiongozi awe wa diploma au zaidi kila usiku, bila msamaha, na ujuzi wa mama yule ulipwe kwa jina lake halisi: malezi ya wauguzi wapya. Tunaona huu ulikuwa uamuzi bora wa kisa kizima, kwa sababu ulimlipa kwa kile anachokijua bila kumbebesha kile ambacho leseni yake haimkingi.

Hesabu yake ikawa hivi: msingi 33,000, usiku 8 kwa 4,000, malezi 3,000, miaka 10 kwa 5,000. Jumla 45,000, mkononi karibu 35,890 badala ya 26,194. Kwa saa, 225 badala ya 133. Shahada ikawa mara 1.4 ya cheti.

Mshahara wa msimamizi haukuguswa. Kuna waliotaka upunguzwe, na hilo halikuwezekana: masharti ya mkataba hayabadilishwi bila kushauriana na mwenye mkataba. Badala yake kazi yake iliandikwa upya. Alipewa ukaguzi wa faili za leba kila mwezi, mafunzo ya Alhamisi, na kuitwa usiku mara mbili kwa wiki.

Gharama mpya kwa mwezi ilikuwa 45,000 kwa usiku (wauguzi watatu kila usiku), 18,000 kwa viongozi wa zamu, 12,000 kwa kusubiri simu, 3,000 kwa malezi na 21,500 kwa miaka ya utumishi. Jumla 99,500, na pamoja na mchango wa mwajiri karibu 107,000. Posho ya fani maalumu haikuongeza kitu, kwa kuwa tayari ilikuwa ndani ya mshahara wa muuguzi wa upasuaji, 39,000 na 6,000. Waliondoka watatu wakilipwa 36,000 na wakaajiriwa wawili kwa 39,000, hivyo zikaokolewa 32,250. Kupungua kwa lokamu kulitarajiwa kuokoa 44,000. Baki kama 30,700 ilitafutwa kwenye ada ya chumba cha upasuaji na vyumba vya faragha. Mhasibu alisisitiza kwamba fedha hizo zisitegemee madai ya bima, kwa sababu hayo huchelewa, na msimu wa kusi ukiingia hoteli zikifungwa hata wagonjwa wa taslimu hupungua.

Barua zote za ajira ziliandikwa upya na kutaja kwamba mshahara wa msingi unajumuisha nyumba. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri atoe nyumba au fedha za nyumba, isipokuwa mkataba useme zimejumuishwa. Pasipo maneno hayo, mfanyakazi aweza kudai, na mara nyingi mahakama hupiga asilimia 15 ya msingi. Kwa 30,000 hiyo ni 4,500 kwa kila mwezi aliofanya kazi. Wafanyakazi walishauriwa wasome kabla ya kutia saini, na mwakilishi wa wa cheti akaomba wiki moja ya kutafuta ushauri. Alipewa.

Matokeo

Baada ya miezi tisa lokamu zilikuwa zamu 24 kwa mwezi, sawa na 48,000. Hakuna muuguzi wa cheti aliyeondoka. Msaidizi hakukutwa tena na sindano.

Mmoja wa wawili walioajiriwa alikuwa yule wa mkataba aliyekwenda Lamu. Alirudi baada ya miezi minne. Mshahara ulikuwa umechelewa mara mbili, na familia ilibaki Malindi, kwa hiyo alikuwa akilipa nyumba mbili na safari ya Garsen, Witu hadi Mokowe kila mwezi. Kamati iliamua miaka yake ya zamani ihesabiwe. Mwenzake wa diploma, aliyekuja na uzoefu wa miaka 9 kutoka hospitali nyingine, alianzia sifuri. Alilalamika, na alikuwa na haki.

Muuguzi mmoja wa diploma aliondoka kwenda ajira ya kudumu ya kaunti. Msimamizi mwenye shahada naye aliondoka mwezi wa saba, akaenda Mombasa. Katika mazungumzo ya kuaga alisema hakukasirishwa na wengine kupandishwa. Aliona tu kwamba yeye hana pa kupanda.

Wawili wa cheti walipewa nafasi ya kusomea diploma kwa njia ya kujiendeleza, miaka miwili, hospitali ikibeba nusu ya ada. Kijana alikubali. Mama wa leba, mwenye miaka 53, alikaa na mhasibu wakapiga hesabu. Kupanda kutoka cheti hadi diploma kungempa 6,000 zaidi. Katika kiwango chake cha mshahara, kila 1,000 ya nyongeza huacha kama 628 mkononi, kwa hiyo 6,000 ni 3,770. Sehemu yake ya ada, usafiri na siku za likizo bila malipo ilikadiriwa 180,000. Angehitaji miezi 48 baada ya kuhitimu ili kurudisha fedha hizo, na mkataba wake unaisha akiwa na miaka 60. Alikataa, akaomba badala yake hospitali imlipie kozi fupi ya dharura za uzazi. Ilikubaliwa.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kwanza ni kuhesabu saa kabla ya kuhesabu fedha. Bila saa, mjadala ungebaki kwenye cheti dhidi ya shahada, jambo ambalo halina mwisho. Sheria ya Ajira, kifungu cha 5, inataka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Haisemi kwamba cheti na shahada walipwe sawa. Inamtaka mwajiri aweze kueleza tofauti. Mara 2.3 hakuna aliyeweza kuieleza. Mara 1.4, pamoja na ukaguzi, mafunzo na kuitwa usiku, ilielezeka kwa sentensi moja.

Cha pili ni kuweka wawakilishi wawili wa ngazi tofauti. Awali mkurugenzi alitaka mmoja tu. Yangeandikwa marupurupu yanayofaa diploma, na leba ingesahaulika.

Marupurupu ya usiku yalizua tatizo ambalo kamati haikulitarajia. Usiku uliokuwa ukikimbiwa ukaanza kugombewa. Muuguzi mmoja alijiandikisha usiku 12 kwa mwezi, akawa anasinzia makabidhianoni. Mwezi wa tatu ukawekwa ukomo wa usiku 8, na wakati wa Ramadhani ugawaji ukafanywa na metroni mwenyewe. Ukomo huo ungepaswa kuandikwa siku ya kwanza. Malipo ya kila zamu bila ukomo huwavuta kwanza wale wenye madeni, na hao ndio wasiopaswa kuchoka.

Kupoteza msimamizi kulikuwa kushindwa kwa mpango. Kamati ilijenga ngazi nzuri upande wa chini na kuacha dari juu yake. Miaka ya utumishi ingemfaa, lakini haikumhusu kwa kuwa mshahara wake ulikuwa umegandishwa. Hospitali ndogo haiwezi kuwa na vyeo vingi vya shahada, ila ingeweza kumpa nyongeza ndogo ya mwaka iliyoandikwa, au kumlipia nusu ya diploma ya juu kama ilivyofanya kwa wengine. Nafasi yake ilikaa wazi wiki tano, na ukaguzi wa faili ukasimama.

Kuhesabu miaka ya ndani peke yake nako kulikuwa finyu. Mwezi wa kumi kanuni ilibadilishwa: nusu ya miaka ya kazi iliyothibitishwa kwa barua za waajiri wa zamani sasa huhesabiwa, ndani ya ukomo uleule wa 10. Aliyekuja na miaka 9 alipata 4.5, yaani 2,250 kwa mwezi.

Pensheni ndiyo haikuguswa kabisa. NSSF inampa muuguzi wa 45,000 jumla ya 5,400 kwa mwezi, nusu yake na nusu ya mwajiri. Mwenzake wa kudumu wa Lamu, mwenye msingi wa 27,000, hukusanya 7,290 katika mfuko wa kaunti pekee. Anayetaka kulinganisha ajira hizi mbili na aweke tarakimu hizo kando ya mshahara wa mkononi kabla ya kuandika notisi. Mkurugenzi ameahidi kuanza mchango wa hiari wa asilimia 3 katika mwaka ujao wa fedha, kwa waliotimiza miaka mitano. Mpaka kisa hiki kinaandikwa, ahadi hiyo imo katika kumbukumbu za kikao na bado haijaingia kwenye barua ya ajira ya mtu yeyote.